Thuraiya wa Redio Jamvi na Mvua ya Mtambile

Ukifika Wete ukamuuliza mtu iliko Redio Jamvi, atakutazama kidogo kisha atakuuliza, "Kwa Thuraiya?" Ukisema ndiyo, atakupeleka mwenyewe mpaka mlangoni, na njiani atakueleza siku jina lake lilipotajwa hewani. Kila mtu kisiwani ana siku yake. Huyu alipotelewa na mbuzi, yule mwanawe alifaulu mtihani, mwengine alimsalimu mkewe na kumtaja jina la utani mbele ya ulimwengu mzima, na mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Nyumba yenyewe si ya kutisha. Chini ni duka la vitambaa, juu ni vyumba vitatu. Cha katikati kimebandikwa magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi, na ukikaa humo mchana wa jua kali unahisi umeingia ndani ya mto wa kulalia. Humo ndimo anamosomea matangazo Asya, mwanamke mwenye sauti ya kukufanya uache kijiko njiani. Na kile chumba cha mwisho, chenye dirisha linaloangalia barabara, ni cha mwenye kampuni, Bi Thuraiya binti Muntasir.

Mababu zake walikuja kutoka Omani zamani hizo, wakawa na mashamba yasiyoonekana mwisho. Alipozaliwa yeye, mashamba yalikwishapungua mpaka ikabaki mikarafuu tisa nyuma ya nyumba na masimulizi mengi. Baba yake aliuza vitambaa. Yeye alisoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na Thabit, fundi umeme mpole anayezungumza na waya kuliko na watu. Ingeweza kuishia hapo, na asingelaumiwa na mtu.

Lakini kulikuwa na kamera. Binamu yake aliileta kutoka Maskati, akaichoka, akaiacha. Siku moja kukawa na harusi mtaani, na mpiga picha, mwanamume mtu mzima wa heshima zake, akawekwa barazani kwa wanaume kama ilivyo ada. Upande wa wanawake, ambako ndiko kwenye harusi hasa, hakuna wa kuingia. Mama wa bibi harusi akawa analalama: "Basi mie mwanangu n'tamkumbuka kwa picha za masheha wanakula biriani?" Thuraiya, wakati ule ana miaka ishirini na mbili, akasema, "Mie nnayo kamera. Sijui kuitumia, lakini ninayo."

Nusu ya kanda ile ya kwanza ilikuwa ni dari na miguu. Mama wa bibi harusi alilia kwa furaha vilevile. Kuanzia hapo hakuna harusi ya Wete wala Konde wala Micheweni iliyofanywa bila Thuraiya, na akajiwekea sharti ambalo hakulivunja hata siku moja: kanda ni moja, na inatiwa mkononi mwa mama mzazi. Haionyeshwi dukani, haiazimwi, haina nakala. Mke wa tajiri mmoja aliwahi kumbembeleza aone kidogo tu dhahabu alizovaa jirani yake. Thuraiya akamwambia, "Bibi, kesho nitamwonyesha nani zako?" Mwezi ule ule yule bibi akamkabidhi harusi ya binti yake.

Kutoka kwenye kamera akaingia kwenye kipaza sauti. Thabit anaendesha pikipiki, kipaza kimefungwa nyuma, na sauti ya Thuraiya inasoma matangazo aliyoyarekodi: mkutano wa skuli, chanjo, meli haitoondoka leo. Wazee wawili watatu walinung'unika kuwa sauti ya mke wa mtu inapita barabarani. Mara sauti ile ikaacha kupita wiki mbili, alipojifungua, na wazee wale wale wakaenda kumuuliza Thabit meli inaondoka lini.

Halafu ndiyo redio. Hapo palikuwa na safari za kwenda Unguja na kurudi, na karatasi, na mihuri, na mtu wa ofisini aliyemuuliza, "Mwenye kampuni mwenyewe yuko wapi?" naye amekaa mbele yake. Ilichukua miaka. Siku Thabit aliposimamisha mnara, sauti ilifika Gombani ikakatika. Wakaurefusha. Sasa inafika mpaka Kengeja na Kangani, na watu wa Tanga siku za hewa safi wanapiga simu kuomba salamu.

Lakini kilichoipa Redio Jamvi nguvu si salamu. Ni mvua.

Anayejua karafuu hahitaji kuambiwa. Asiyejua na ajue hivi: karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa inaanikwa juani siku nne tano, juu ya majamvi, mbele ya kila nyumba, mpaka ikauke ivunjike kama njiti. Ikinyeshewa katikati, imeharibika. Ikirundikwa mbichi, inajipasha joto yenyewe inapauka, na mnunuzi akiipokea anakunja uso kabla hajaipima. Kwa hiyo msimu mzima kila nyumba ina jicho moja kwenye jamvi na moja mbinguni.

Mwaka mmoja karafuu za mama yake Thuraiya zilinyeshewa pale Wete, zote, hakuokoa hata kiganja. Jioni dada yake akapiga simu kutoka Konde kuulizia hali, akasema, "Kwetu ilianza kunyesha nusu saa kabla." Thuraiya akakaa na simu mkononi. Nusu saa! Konde walijua nusu saa nzima, na Wete wanacheka na jua.

Basi akatafuta wanawake kumi na wawili, mmoja kila pembe, watu wazima wa kushinda nyumbani karibu na majamvi yao. Konde ni Bi Rahma, na kule kusini, Mtambile, ni Bi Siti, mjane mwenye mguu mbovu na ulimi mzima. Kazi yao ni moja: likidondoka tone, piga simu. Na Asya akipokea, anakata chochote kilichoko hewani na kusema, "Anueni! Mvua imeingia Konde, inateremka!" Aliwahi kumkata mgeni mkubwa katikati ya hotuba. Mgeni akaudhika, akaenda dirishani, akaona Wete nzima iko nje inakunja majamvi, akarudi kitini akasema, "Mimi nimehutubia miaka thelathini, sijapata kuwainua watu namna hii."

Hapo ndipo Thuraiya alipofika. Wenye maduka wanataka matangazo yao yasomwe karibu na mvua. Masheha, wakuu wa mitaa, wanampigia kabla hawajaitisha mikutano. Naye ukimuuliza kampuni yake ina nini, hatakutajia mnara wala mitambo. Atakwambia, "Ina neno. Siku watakayosikia 'anueni' wasiinuke, nitarudi kuuza vitambaa."

Siku hiyo ikaja kumbishia hodi mwezi wa kumi na mbili, msimu umebakisha wiki tatu na kaskazi imeanza kuvuma.

Ilikuwa saa nane u nusu mchana. Simu ikalia, Bi Siti wa Mtambile, pumzi zinampanda. "Asya, mvua! Mvua kubwa, waambie waanue!" Akakata. Asya akafanya kama siku zote. "Anueni! Mvua imeingia Mtambile! Watu wa Kengeja, Kangani, Mkoani, anueni!"

Kusini nzima ikainuka. Walioanika juzi, walioanika jana, walioanika asubuhi ile, wote wakazoa, wakatia maguniani, wakaingiza ndani wakafunika maturubai. Kisha wakakaa barazani kuingoja mvua. Na jua likawaka. Likawaka kama linalipwa. Mtu mmoja Kengeja akamwambia mkewe, "Hebu tuanike tena, mbingu nyeupe." Mkewe akamjibu, "Weye unaona zaidi ya Asya?" Wakakaa. Watu wazima na akili zao, wakaiamini redio kuliko mbingu, mpaka kivuli cha nyumba kikavuka barabara.

Saa kumi na moja u nusu simu ikaingia tena kutoka Mtambile, safari hii kijana anataka isomwe tanzia. Mzee wa mtaa wa pili amefariki mchana, amezikwa baada ya sala ya alasiri, samahani wamechelewa kutoa khabari kwa kuwa yeye aliyetumwa simu alikwenda kuchimba kaburi. Asya akaisoma kwa sauti ya taratibu. Thuraiya alikuwa chumbani kwake anakunywa chai. Akaweka kikombe.

Mtambile. Mchana. Msiba. Watu wa Mtambile wakipata khabari ya msiba hawaachi karafuu nje wakaenda makaburini. Wanaanua kwanza, wote kwa pamoja, mbio mbio, wakawahi maziko.

Akampigia Bi Siti.

"Bi Siti, shikamoo. Ile mvua, umeiona?"

Kitanda kikalia upande wa pili wa simu.

"Bi Siti?"

"Nimeisikia, mwanangu."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia majamvi," akasema Bi Siti. "Nilikuwa ndani nimelala na mguu wangu. Nikasikia majamvi yanakunjwa mtaa mzima, watu wanapiga kelele anua, anua. Miaka yote hii sauti ile ni ya mvua. Sikutoka kuangalia. Litoe jina langu, Thuraiya. Nimekuvunjia nyumba."

"Jina lako lipo hapo hapo lilipo," Thuraiya akasema. "Lala."

Siku mbili zilizofuata mbingu ikaziba, haikunyesha wala haikutoa jua, na karafuu zile za kusini, zilizorundikwa na unyevu wake, zikapauka guniani. Ndipo maneno yakaanza.

Asubuhi ya siku ya tatu Thuraiya aliingia mwenyewe chumba cha magodoro, jambo asilolifanya miaka mingi. Akasema, "Asalaam aleikum. Mvua ya Mtambile haikuwapo. Kosa ni la Redio Jamvi, na Redio Jamvi ni mimi. Hakuna mwengine wa kumtafuta. Nakuombeni radhi." Akatoka. Hakumtaja Bi Siti, ingawa kusini nzima walijua, kwa kuwa Mtambile hakuna siri inayolala.

Akaenda huko mwenyewe. Thabit akaendesha gari ya redio, bila ya kusema neno njia nzima isipokuwa, "Breki zinalia." Walipoingia Mtambile watoto wakaitambua gari, wakaikimbilia wakiimba, "Mvua hiyooo! Mvua hiyooo!" na mmoja akajifunika kichwa kwa jani la mgomba. Thuraiya akacheka, hakujizuia. Lakini alipofika dukani kwa Mzee Kificho kicheko kikamwisha.

Kificho ana duka la vitu vidogo vidogo na shamba zuri la mikarafuu, na kinywa kinachotosha vijiji vitatu. Redio ilikuwa inaimba juu ya kaunta.

"Karibu, karibu mama wa mvua!" akapiga kelele barabara nzima isikie. "Umekuja na mwavuli? Maana leo jua hili, tunaweza kuroa."

"Mzee Kificho, umeshindaje?"

"Nimeshinda mkavu, alhamdulillahi. Karafuu zangu ndizo hazikushinda. Nilizianua kwenda mazikoni, niliporudi nikaambiwa Asya katangaza mvua, sikuzianika tena." Akafungua gunia, akazionyesha, zimepauka kama majivu. Hapo hakuwa anatania. "N'kwambie kitu, Bi Thuraiya, na usinune. Redio yako nitaifungua kila siku. Nyimbo zenu nzuri. Ila siku Asya akisema anueni, wallahi nitatoa jamvi la pili niongeze."

Wanaume waliokaa barazani wakaangua kicheko. "Na mie!" akasema mmoja. "Na mie natoa na nguo za kabatini!"

Thuraiya akaangalia ule mtaa. Majamvi mapya yamejaa tele, karafuu za mwisho wa msimu, nyekundu nusu na hudhurungi nusu, zinahitaji siku mbili tu. Ikinyesha kesho kweli, hawa hawatainuka. Watapoteza na hizi. Akatamani Kificho amtukane badala ya kucheka.

Akapita kwa Bi Siti, akamkuta amejifungia. Wakanywa kahawa. Bi Siti akasema hatapiga tena simu ile hata moto ukiwaka. Thuraiya akamwambia, "Basi isikae mbali na wewe tu."

Siku ya pili yake, saa tano asubuhi, simu ya Konde ikalia. Asya akapokea huku wimbo unakwenda. Thuraiya alikuwa amesimama mlangoni, kwani siku zile hakuweza kukaa.

"Bi Rahma? Bi Rahma, sikusikii!" Asya akasema. "Sogea mbali na mabati! Nini? Hamna, sikusikii chochote, makelele matupu!"

Thuraiya akaichukua ile simu kutoka mkononi mwake, akaitia sikioni. Kweli, hakuna neno. Ni mvua ya kaskazi imeshika bati la Konde, inalipiga kwa mikono miwili. Bi Rahma ndani yake anapiga kelele kama mtu aliye kisimani.

"Bi Rahma," Thuraiya akapaza sauti, "usiseme kitu! Simu itoe barazani, inyooshe juu, usiseme kitu!" Akamgeukia Asya. "Kata wimbo. Na weye usiseme kitu pia."

"Nisiseme anueni?"

"Usiseme."

Akaiweka simu mbele ya kipaza.

Mtambile, Mzee Kificho alikuwa anampimia mtu sukari. Wimbo ukakatika. "Haya," akasema, akawakonyeza wa barazani, "sikilizeni, anakuja na mvua yake." Wakanyoosha miguu kungoja wacheke.

Hakuna aliyesema. Redio ikatoa mshindo mmoja usiokatika, kama karafuu kavu zinazomiminwa kwenye sinia, hazimaliziki. Robo dakika. Nusu dakika. Mtu wa barazani akasema, "Imeharibika." Kificho akamnyooshea kidole anyamaze. Ndani ya mshindo ule, mbali, zilikuwamo sauti za watu wasiojua wanasikilizwa. Jamvi linaburutwa. Mwanamke anafoka: "Shika upande huo, we bwana! Upande huo! Unasimama unanitazama mie, mie ndo mvua?" Na mwanamume akijibu, "Unanivuta, jamvi litachanika!"

Kificho akaacha kijiko ndani ya sukari.

"Yakhe," akasema polepole, "hao wanagombana kweli."

Akaruka kaunta. Mtu wa miaka sitini na saba, akairuka. "Anueni!" akapiga kelele, na kelele yake haikuhitaji mnara. "Anueni nyie, kaskazini kunanyesha! Nyumba za kule, anueni!" Wa barazani wakatawanyika kila mmoja kwake. Yule aliyesema atatoa nguo za kabatini alionekana amebeba jamvi kichwani peke yake, linammwagikia.

Kaskazi haikuchelewa. Ikapita Wete, na Asya akafungua dirisha la chumba cha Thuraiya akatoa kipaza, bati la baraza ya duka likasema lenyewe. Ikapita Chake. Ilipobisha Mtambile, saa sita kasoro kidogo, hapakuwa na karafuu hata moja nje, zaidi ya zile zilizomwagika njiani.

Na simu ya Bi Siti ikalia redioni. Hakusema hata salamu. Ilikuwa mvua tu juu ya bati lake, na baada ya muda sauti ya Kificho inatokea barazani kwake alikokimbilia: "Inyooshe zaidi, Bi Siti, inyooshe! Wa Kengeja wasikie!" na Bi Siti akimjibu, "Niache, kazi yangu naijua!" Asya alicheka hewani mpaka akazima kipaza.

Tangu siku ile Redio Jamvi haiitangazi tena mvua kwa maneno. Inataja jina la mahali, kisha inakusikilizisha. Watu wamezoea vibaya. Wapo waliopiga simu kuomba wasikilizishwe mnada wa samaki wa Wete, wajue kama kuna haja ya kutoka nyumbani, na wapo wanaosikiliza mvua ya Konde kwa ajili ya ule ugomvi tu, maana yule bwana na mkewe hawajajua bado kushika jamvi.

Wiki ile ile Mzee Kificho alipanda ngazi za Redio Jamvi, kanzu imepigwa pasi, na mfuko wa machungwa mkononi. Alitaka kazi ya Bi Siti.

"Si kwa ubaya," akasema. "Bi Siti ni mama yetu. Lakini bati lake la zamani, linasema kikohozi. Langu jipya, refu, zito. Likinyeshewa unasikia heshima."

Thuraiya akamenya chungwa. "Bati lako nalijua, Mzee Kificho. Zuri. Lakini lina mshokishoki juu yake, na huu ndio mwezi wake. Upepo ukitikisa matawi, shokishoki zikaanza kudondoka batini moja moja, utaniinulia kusini nzima."

Kificho akafikiri.

"Nitaukata," akasema.

"Usiukate. Shokishoki zako tamu. Niletee ndoo moja, na Bi Siti umpelekee mbili."

Akateremka ngazi ananung'unika, na ndoo zikaenda kama alivyoambiwa.